Wiki Sita za Kwanza za Mapacha: Kila Mtoto Aangaliwe Peke Yake, Kazi za Nyumbani Zigawanywe

MUSOMA – Katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, habari ya kuzaliwa kwa mapacha hupokelewa kwa vigelegele, na mara nyingi majina huwa tayari kabla watoto hawajatoka hospitali. Familia zenye asili ya Usukuma huwaita Kulwa na Doto. Familia za Wajaluo huwaita Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo ikiwa ni wasichana. Majina hayo yana maana moja inayofanana: yanaeleza nani alitangulia na nani alifuata. Wazee waliona umuhimu wa kuwatofautisha watoto wawili waliozaliwa siku moja.

Utofautishaji huo ndio msingi wa malezi ya mapacha katika wiki sita za mwanzo. Ingawa mimba ilikuwa moja, watoto ni wawili, na kila mmoja ana uzito wake, hamu yake ya kunyonya na hatari zake. Familia inayowaangalia kwa jumla, ikiridhika kwamba "watoto wanaendelea vizuri", inaweza kuchelewa kutambua kuwa mmoja wao anadhoofika.

Kwa nini mapacha wanahitaji uangalizi wa pekee

Afrika ni bara lenye kiwango kikubwa cha kuzaliwa kwa mapacha. Takwimu za kimataifa za miaka ya 2010 hadi 2015 zinaonesha kuwa katika bara hili, wastani wa uzazi 17 kati ya kila 1,000 ulikuwa wa mapacha, wakati wastani wa dunia ulikuwa 12. Hivyo zahanati inayozalisha akina mama wengi kwa mwaka haina budi kuwa tayari kuwapokea.

Hata hivyo, maendeleo katika kuokoa maisha ya watoto hayajawafikia mapacha kwa usawa. Utafiti uliotumia takwimu za nchi 30 za Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara, uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet Global Health, ulionesha kuwa kati ya mwaka 2009 na 2014 zaidi ya mapacha 200 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walifariki kabla ya kutimiza umri wa miaka mitano. Kiwango hicho kilikuwa takriban mara tatu ya kile cha watoto waliozaliwa mmoja mmoja.

Kwa upande wa Tanzania, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015/16 hadi 43. Vifo vya watoto wachanga walio katika siku 28 za mwanzo vilipungua kwa kiasi kidogo sana, kutoka 25 hadi 24. Wiki nne za kwanza ndizo zinazobaki kuwa ngumu, na mapacha huziingia wakiwa na udhaifu zaidi.

Sababu kuu ni kuzaliwa kabla ya wakati na kuzaliwa na uzito pungufu. Mji wa mimba unaobeba watoto wawili hutanuka mapema, na uchungu mara nyingi huanza kabla ya wiki ya 37. Mtoto mwenye uzito chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Mtoto wa aina hiyo hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hivyo hupoteza joto haraka. Huchoka upesi anaponyonya, na kinga yake dhidi ya maambukizi ni ndogo. Aidha, mapacha hawalingani uzito kila mara. Mmoja anaweza kuzaliwa na gramu 2,600 na mwenzake na gramu 1,900, na wawili hao hawawezi kulelewa kwa kipimo kimoja.

Kabla ya kuondoka hospitali

Mama aliyejifungua salama anashauriwa kubaki katika kituo cha kutolea huduma kwa muda usiopungua saa 24. Kwa mama wa mapacha muda huo mara nyingi huwa mrefu zaidi, kutegemea uzito wa watoto na hali yake mwenyewe. Familia isiharakishe kuondoka kwa sababu ndugu wanasubiri nyumbani.

Mambo manne yanapaswa kukamilika kabla ya kuruhusiwa. Kwanza, kila mtoto awe na kadi yake ya kliniki yenye uzito wake wa kuzaliwa, saa aliyozaliwa na namba inayoonesha ni wa kwanza au wa pili. Pili, kila mmoja awe amepata chanjo za kuzaliwa, yaani ya kifua kikuu na matone ya polio, kama hali yake inaruhusu. Tatu, muuguzi awe ameshuhudia kila mtoto akinyonya, kwa kuwa mmoja kunyonya vizuri si ushahidi kwamba mwenzake naye ananyonya. Nne, mama na ndugu atakayemsaidia wawe wameelezwa dalili za hatari na mahali pa kwenda.

Huenda mtoto mmoja akaruhusiwa na mwingine akabaki katika wodi ya watoto wachanga. Hali hiyo huitikisa familia, hasa inayotoka mbali na mji. Inapotokea katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mara ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, iliyopo Kwangwa mjini Musoma, au katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, familia iwaulize wahudumu iwapo mama anaweza kubaki karibu na watoto wote wawili. Isipowezekana, mama aendelee kukamua maziwa kila baada ya saa mbili hadi tatu, mchana na usiku, ili mtoto aliyebaki wodini apate maziwa yake na wingi wa maziwa usipungue.

Kunyonyesha watoto wawili

Swali linaloulizwa zaidi na ndugu wa mama wa mapacha ni kama maziwa yatatosha. Kwa akina mama wengi, maziwa hutosha. Mwili hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa: titi linalonyonywa mara nyingi hupokea ishara ya kutengeneza zaidi, na linaloachwa limejaa hupunguza. Watoto wawili wanaonyonya ipasavyo huuagiza mwili wa mama kutengeneza maziwa ya watoto wawili. Kinachoharibu mpango huo ni kuanza kuwapa maji, uji mwepesi, maziwa ya ng'ombe au glukosi kwa hofu kwamba maziwa ya mama ni machache. Mtoto aliyeshibishwa kitu kingine hanyonyi, titi halitoki, na upungufu uliohofiwa hutokea kweli.

Kunyonyesha kuanze ndani ya saa moja baada ya kujifungua, na maziwa ya mwanzo ya rangi ya manjano, yaani dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa. Kiasi chake ni kidogo lakini kina kinga nyingi. Baada ya hapo, kila mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Kwa mapacha, hesabu hiyo ni kati ya 16 na 24. Kila unyonyeshaji ukichukua nusu saa na watoto wakinyonyeshwa kwa zamu, mama atatumia kati ya saa 8 na saa 12 kwa siku kwa kazi hiyo peke yake. Wakinyonyeshwa kwa pamoja, muda huo hupungua hadi nusu. Hesabu hii iwekwe mbele ya kila ndugu anayeuliza kwa nini mama wa mapacha hajapika.

Kuwanyonyesha kwa pamoja kunahitaji mto au kitenge kilichokunjwa kwenye mapaja. Kila mtoto hulazwa upande wake, mwili ukipita chini ya kwapa la mama na miguu ikielekea mgongoni, huku mama akishika vichwa vyote viwili kwa viganja. Katika siku za kwanza ni vyema kuwanyonyesha mmoja mmoja, hadi kila mtoto awe amejua kukamata titi, kisha kuwaunganisha. Watoto wabadilishane matiti angalau kila siku, kwa sababu mmoja akiwa na nguvu na mwingine dhaifu, titi la dhaifu litapungua maziwa. Anayeamka kwanza anyonyeshwe, na mwenzake aamshwe mara baada yake, la sivyo mama hatapata muda wa kulala.

Mtoto mdogo asiyeweza kunyonya hadi ashibe apewe maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa kikombe kidogo safi. Ashikwe akiwa ameinuliwa, kikombe kiguse mdomo wa chini, na aachwe achovye ulimi na kumeza kwa kasi yake. Maziwa yasimiminwe mdomoni. Chupa zenye chuchu ni vigumu kusafisha na huweza kumfanya mtoto akatae titi. Maziwa yaliyokamuliwa na kufunikwa mahali penye ubaridi ndani ya nyumba yatumike ndani ya saa nne.

Iwapo wahudumu wa afya wataona kwamba mtoto mmoja anahitaji maziwa mbadala kwa sababu za kitabibu, familia ifuate maelekezo ya kipimo na usafi waliyopewa. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI aendelee na dawa zake na kunyonyesha kama alivyoelekezwa, na kila mtoto apewe dawa zake za kinga na kupimwa kwa wakati uliopangwa.

Joto la mwili: kifua cha mama, baba na bibi

Mwaka 1978, Daktari Edgar Rey Sanabria wa Bogotá nchini Colombia, akikabiliwa na uhaba wa vifaa vya kuwatunzia watoto njiti, alianza kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo sasa hujulikana kama huduma ya kangaruu. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa robo, ikilinganishwa na kusubiri hadi hali yao itulie. Mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza ianze mapema iwezekanavyo kwa watoto njiti na wenye uzito pungufu, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Mtoto huvishwa nepi, kofia na soksi tu, kisha huwekwa wima kifuani kati ya matiti, kichwa kikigeuzwa upande mmoja ili njia ya hewa iwe wazi. Hufungwa kwa kanga au kitenge kilichokaza kiasi cha kumshika bila kumbana pumzi. Mapacha wadogo wanaweza kukaa pamoja kifuani mwa mama, au mmoja akabebwa na mama na mwingine na baba, bibi au shangazi. Joto la kifua cha baba linamfaa mtoto kama la mama, na kwa familia ya mapacha msaada huo hauna mbadala.

Watoto wasioshwe katika saa 24 za mwanzo. Baadaye, walio wadogo wafutwe kwa kitambaa na maji ya vuguvugu chumbani pasipo na upepo. Jiko la mkaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa kwa nia ya kuwapasha watoto joto, kwa kuwa hewa yake yenye sumu huua bila harufu ya kuonya. Vilevile wasilazwe karibu na jiko la kuni lenye moshi. Kwa kuwa malaria ipo katika ukanda wa Ziwa Victoria, mama na watoto wote wawili walale ndani ya chandarua chenye dawa, mchana na usiku. Kila mtoto alazwe chali, penye nafasi yake, bila mito wala nguo nzito karibu na uso.

Kugawana kazi: familia iandae likizo ya mama

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 anapojifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Sheria hiyo inamzuia mama kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua isipokuwa daktari athibitishe kuwa anaweza, na anaporejea kazini inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba mwajiriwa ana haki ya angalau siku tatu. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameongeza muda kwa mama aliyejifungua mtoto njiti, hivyo mwenye mapacha waliozaliwa kabla ya wakati amwulize mwajiri wake kuhusu nyongeza hiyo.

Sheria hizo haziwafikii akina mama wengi wa Mara. Anayelima muhogo na mtama Butiama, anayeanika dagaa katika mwalo wa Musoma au anayeuza nyanya katika soko la Bunda hana mwajiri wa kumwandikia barua ya likizo. Likizo yake hutolewa na familia. Wajibu huo hauna budi kupangwa kabla ya uchungu kuanza, hasa pale ambapo kipimo cha kliniki kimekwisha kuonesha kwamba mimba ni ya watoto wawili.

Mpango unaosaidia huanza na kutenga kazi mbili za mama: kunyonyesha na kupona. Nyingine zote zigawiwe watu kwa majina. Mmoja achote maji, mwingine apike, mwingine afue. Mtoto anayenyonya vizuri hulowanisha nepi zisizopungua sita kwa siku baada ya wiki ya kwanza. Kwa mapacha, hizo ni nepi 12 au zaidi kila siku, bila kuhesabu kanga na mashuka. Bila mfuaji, kazi hiyo humrudia mama.

Usiku nao uwe na zamu. Baba au ndugu anayelala chumba hicho amletee mama watoto, amcheulishe anayemaliza, abadilishe nepi na kuwarudisha kitandani, huku mama akibaki amekaa au amelala. Mchana mama alale watoto wanapolala, hata kama wageni wapo. Wageni wanaokuja kumpongeza mzazi wanawe mikono kabla ya kumbeba mtoto, na wenye kikohozi, mafua au homa wasubiri. Zawadi ya ndoo mbili za maji, kuni au chakula kilichopikwa ina faida kuliko kanga ya tano.

Mama wa mapacha anahitaji kula zaidi ya kawaida yake na zaidi ya anayenyonyesha mtoto mmoja. Vyakula vya Mara vinatosheleza: uji wa ulezi, ugali wa mtama au muhogo, dagaa, sato, maziwa, maharage, karanga, viazi vitamu, mboga za majani na matunda. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake humpa mama protini na madini ya chokaa kwa gharama nafuu. Awe na kikombe cha maji au uji karibu kila anapoketi kunyonyesha, na aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa.

Familia yenye mapacha pia inashauriwa kuwa na daftari. Kila ukurasa ugawanywe sehemu mbili, kila mtoto na upande wake, na iandikwe saa aliyonyonya, nepi iliyolowa, choo na uzito wa kliniki. Saa tisa za usiku, baada ya siku kumi bila usingizi, hakuna anayekumbuka kwa hakika ni yupi aliyenyonya mwisho. Kitambaa cha rangi tofauti kwenye kifundo cha mguu, kisichobana, husaidia kuwatambua wanaofanana ili mmoja asipewe dawa mara mbili.

Mtoto mpole anaweza kuwa mtoto mgonjwa

Katika nyumba yenye mapacha, anayelia ndiye anayehudumiwa kwanza. Asiyelia husifiwa kwa upole, huachwa alale, na familia iliyochoka hushukuru. Hapo ndipo hatari kubwa ya wiki za mwanzo ilipo. Mtoto mchanga anayelala kwa zaidi ya saa tatu bila kudai kunyonya, hasa aliyezaliwa na uzito mdogo, huenda hana nguvu ya kulia. Aamshwe na kunyonyeshwa. Akishindwa kuamka vizuri au kukataa titi, apelekwe kituoni mara moja.

Uzito hueleza kisichoonekana kwa macho. Ni kawaida mtoto kupoteza hadi asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa katika siku za mwanzo na kuurudia takriban baada ya wiki mbili. Aliyezaliwa na gramu 2,200 hatarajiwi kushuka chini ya gramu 1,980. Baada ya hapo, mtoto njiti anatarajiwa kuongeza takriban gramu 15 kwa kila kilo kwa siku, sawa na gramu 200 hivi kwa wiki kwa mwenye kilo mbili. Mmoja akiongezeka na mwingine akasimama, mtoa huduma aelezwe bila kungoja tarehe ya kliniki.

Dalili zifuatazo kwa mtoto yeyote kati ya wawili zinahitaji huduma ya haraka:

- kushindwa kunyonya au kuacha kunyonya ghafla;
- degedege, au mwili kulegea na kutocheza;
- kupumua kwa kasi, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kubonyea ndani;
- mwili kuwa wa moto, au wa baridi hata baada ya kufunikwa;
- macho au ngozi kuwa ya manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au manjano kufika viganjani na kwenye nyayo;
- kitovu kuwa chekundu, kutoa usaha au harufu.

Kitovu kiachwe kikavu na safi. Kisipakwe majivu, mafuta, samli wala dawa yoyote isiyotolewa na mtoa huduma. Pacha mmoja akiugua, mwenzake naye apelekwe achunguzwe, kwa kuwa wanashiriki mazingira yaleyale.

Afya ya mama isisahaulike

Mji wa mimba uliotanuliwa na watoto wawili unaweza kuchelewa kujikaza, hivyo mama wa mapacha ana hatari kubwa zaidi ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua na ya kupungukiwa damu. Damu inayolowanisha pedi au kitambaa ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu, maumivu makali ya kichwa, kuona maruweruwe, kuvimba mguu mmoja wenye maumivu, au titi lililovimba na kuwa jekundu ni sababu za kwenda kituoni bila kuchelewa. Kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata baada ya kujifungua.

Kulia bila sababu katika siku chache za mwanzo ni jambo la kawaida. Huzuni inayozidi wiki mbili, kukosa usingizi hata watoto wanapolala, kujiona hafai au kuwaza kujidhuru au kuwadhuru watoto ni dalili za sonona baada ya kujifungua. Huo ni ugonjwa unaotibika, na mama asikemewe kwamba hana shukrani kwa baraka aliyopewa.

Familia iliyompoteza mmoja wa mapacha inahitaji uangalifu wa pekee. Mama huomboleza na kunyonyesha kwa wakati mmoja. Kumwambia kwamba "ana bahati amebakiwa na mmoja" hakumfariji. Apewe nafasi ya kumtaja mtoto aliyeondoka kwa jina, na asaidiwe kumtunza aliyebaki.

Kliniki, usafiri wa dharura na usajili

Mama na watoto wanapaswa kuonwa na mtoa huduma ndani ya saa 48 za kwanza, kisha ndani ya siku 7, siku 28 na siku 42. Hudhurio la mwisho hukaribiana na arobaini inayoadhimishwa na familia nyingi, na lisiachwe kwa sababu ya shughuli hiyo. Katika wiki ya 6 kila mtoto hupata chanjo za awamu inayofuata, zikiwemo za kuzuia polio, nimonia na kuhara. Mapacha njiti huhesabiwa umri tangu siku waliyozaliwa. Udogo wa umbo pekee si sababu ya kuahirisha chanjo bila ushauri wa mtoa huduma. Katika hudhurio hilo wazazi waulize pia kuhusu uzazi wa mpango, ili mama apate muda wa kutosha kabla ya mimba nyingine.

Dharura ikitokea, familia ipige namba 115 bila malipo. Ni namba ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2022, unaoratibu usafiri wa dharura kwa wajawazito, akina mama waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga ndani ya siku 28. Pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu, mfumo huo humtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, na familia haimlipi. Kwa ushauri wa afya usio wa dharura, Wizara ya Afya inapatikana kupitia namba 199, nayo bila malipo.

Kuhusu usajili, sheria inataka kila kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90. Mara ni miongoni mwa mikoa iliyofikiwa na mpango wa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya kutolea huduma za afya na ofisi za kata, ambako cheti cha kwanza hutolewa bila malipo. Mapacha hupewa vyeti viwili. Wazazi wahakikishe majina hayajabadilishana, kwa kuwa kosa dogo la siku hiyo huwa usumbufu shuleni na katika vitambulisho miaka ya baadaye.

Kufikia siku ya 42, familia iwe na kadi mbili zenye mistari miwili ya uzito inayopanda, vyeti viwili au ahadi ya vyeti hivyo, na mama aliyepona. Pale ambapo mstari mmoja haupandi, zahanati iliyo karibu ndiyo hatua inayofuata, siku hiyohiyo.